Asilimia Kumi ya Bibi

Jana usiku, nikiwa nimelala na kitabu kifuani, niliota nimo maktaba ya chuo, mbele ya kabati la kadi. Nilikuwa nimetumwa na wino mwekundu wa msimamizi wangu, Dokta Rwegoshora, aliyeandika kwenye sura ya tatu ya tasnifu yangu: "Hawa wakunga wote umewatoa kwenye vitabu vya watu wengine. Chanzo cha msingi kiko wapi?"

Mkunga niliyemtaka mimi ni mmoja tu, bibi mzaa mama, Kokubanza. Alifariki kabla sijazaliwa, hakuacha picha wala maandishi. Tangu utotoni nina hamu ya kumsikia, hata akinigombeza.

"Yupo," kabati linasema kabla sijauliza. "Droo ya chini. Acha begi na viatu, ingia na penseli."

Navuta droo. Ndani mna jiko la kuni, nami tayari nimepiga magoti jikoni, migomba inachungulia dirishani. Bibi amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi. Amebandikwa namba ya rafu kwenye paji la uso, imekaa sawasawa kabisa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekonda? Huko chuoni hawapiki?"

"Chanzo hakiulizi maswali," kabati linamkumbusha. "Kinaulizwa."

Bibi anaangua kicheko kinene, kinachoanzia tumboni, mpaka masufuria yanatikisika. Moyo unanijaa. Nasahau maswali yote niliyoandaa, namwomba tu twende nyumbani.

"Haazimwi," inasema mashine ya kunakili, iliyokaa mahali pa mtungi. "Anasomwa humuhumu. Ukitaka nakala, sheria inaruhusu asilimia kumi."

"Asilimia kumi ya bibi yangu?"

"Kumi na moja ni wizi."

Namtazama. Mikono yake ndiyo iliyopokea watoto wa kijiji kizima, na tasnifu inaihitaji. Macho ni ya mama yangu kabisa. Natamani nimbebe mzima mzima, nikimbie naye peku.

"Chagua, mjukuu wangu," bibi anasema. "Maji yanachemka."

"Kicheko," nasema, huku nalia.

"Hakina kurasa," mashine inaonya. "Dokta wako hatakikubali."

"Najua."

Mashine inamulika, jiko lote linakuwa jeupe.

Simu ikaniamsha. Alikuwa mama, kutoka Muleba, ameona habari haiwezi kungoja: kuku wetu kaingia kanisani, kataga kwenye kiti cha mchungaji, na mchungaji kakaa. Nikacheka.

Hadithi ya mama ikakatika. Nikadhani salio limemwishia.

"Kemilembe," mama akasema taratibu, "hicho kicheko umekitoa wapi?"

Nilisikia anavuta kiti, anakaa.

"Hebu cheka tena, mwanangu."