Ushuhuda Kabla ya Jibu

...na mchungaji Gustave bado amemnyooshea maikrofoni, "Mama Joël, simama, shukuru kwa imani, sema Mungu amekwisha kumrudisha," na Jeanne amekaa palepale kwenye kiti cha plastiki, atatoaje shukrani kwa mume ambaye hajarudi, atasimuliaje njia asiyoiona, ni uongo huo au ndiyo imani yenyewe, hajui, na mchungaji si mtu mbaya, Jumatano alileta unga, akakaa jikoni akalia pamoja naye... Jumanne ndipo wenyeji walipoingia kambi ya wavuna machungwa kule kaskazini, alikokwenda kuvuna mumewe, makwerekwere, wageni nyinyi, rudini kwenu, wakachoma vibanda, na tangu hapo simu ya Marcellin haipatikani, "Amina?" "Amina!" hospitali zote za kule amezipigia, naulizia Marcellin, hakuna, tafadhali dada tazama tena, nimeshakwambia hakuna mtu wa jina hilo, "Shetani ndiye anakufunga mudomo, mama," Victoire anamnong'oneza kutoka nyuma, anamfinya bega, Victoire ambaye mumewe anauza viatu Fordsburg na kila jioni anarudi, asimchukie, kosa lake nini... mchungaji amechoka kungoja, anasimulia mwenyewe, "Namuona ndugu yetu Marcellin yuko ndani ya basi, anakuja!" na binti wa mchungaji, Sagesse, mzaliwa wa mtaa huuhuu wa La Rochelle, anawatafsiria kwa Kizulu wageni wa mstari wa mbele, ulimi wake na Kifaransa ni mbalimbali, jina Marcellin linamtoka uMasilela, kama jina la ukoo la wenyeji, watoto wanaangua kicheko, eish, papa Joël amekuwa mtu wa Soweto!... Masilela... na hapo sauti ya Marcellin simuni, wiki ya kwanza shambani, anacheka mpaka anakohoa, "Unajua miye ni mwenyeji sasa? Nyapara jina langu limemushinda, ananiita Masilela, hata kwa kadi ya geti wameandika Masilela, kama mutu wa hapa kabisa!" na Jeanne alicheka pia, Mungu wangu, alicheka, halafu siku zote hizi anauliza Marcellin, Marcellin, wakati mtu akiokotwa hajitambui watasoma nini kama si kadi iliyo mfukoni... simu imo mkobani, ni kutoka nje tu, kuwapigia tena hospitali, kusema jina moja, na mkono hauendi, kwa sababu lile hakuna lilikuwa jibu la kuumiza lakini mtu aliweza kulala nalo, na sasa yule dada atasema yupo, na itabidi amuulize yupo wapi, wodini au kwenye chumba cha maiti, "Simama, mama," na Jeanne anaomba, anaomba kwa nguvu zake zote, lakini haombi tena Marcellin arudi, anaomba mchungaji aendelee kusimulia, asimalize, asiseme amina, kwani humo ndani ya hadithi Marcellin amekaa dirishani, basi linatembea...