Kipimo cha Mheshimiwa

Mtumishi alilipindua sikio la mbwa, akalipasha kwa pamba iliyochovywa katika maji ya moto, kisha akachoma ukingoni, pale mshipa unapoonekana kama uzi. Tone la damu likanyonywa na kijiti cha kupimia. Mashine ikaandika sita; sukari ilikuwa sawa. Akamdunga insulini yake ya asubuhi na kumwekea nyama. Mlinzi wa getini alimwita mbwa huyo Mheshimiwa, kwa kuwa alikula kabla ya wote na kulala mchana kutwa.

Jikoni hapakuwa na mtu mwingine. Mtumishi aliketi, akavua kiatu. Kidonda cha kisigino kilikuwa hakijafunga tangu mvua za kwanza, na kiu haikumpa usingizi. Kule zahanati, muuguzi alikuwa amemwonyesha mashine mpya kabisa, ingali ndani ya nailoni yake. "Mashine ipo, mama. Vijiti ndivyo havijaja." Havikuja mwezi uliofuata, wala ule mwingine.

Akachomoa kijiti kutoka kopo la Mheshimiwa, akajichoma kidole. Mashine ikaandika ishirini na nane.

Hakupata nafasi ya kuogopa. Mama mwenye nyumba alikuwa ameingia, macho yake yakiwa yameshatua juu ya mashine.

"Ishirini na nane! Mungu wangu, mtoto wangu!"

"Mama, hiyo..."

"Nyamaza! Nampigia daktari; kamwambie mlinzi afungue geti!"

Daktari wa mifugo alifika kabla chai haijapoa. Alimpapasa mbwa, akakunja uso. "Anaonekana mchangamfu. Nimpime tena?"

"Umtoboe tena? Sikio limebaki kama chujio! Fanya kazi yako, daktari."

Daktari akafanya kazi yake. Alichomeka sindano kwenye kichupa cha insulini, akavuta.

Mtumishi alikuwa amefundishwa: sukari iliyo sawa ikishushwa tena, mbwa hutetemeka, huanguka, haioni jioni. Na nani angehesabiwa kuwa amemuua halikuwa swali gumu katika nyumba ile.

"Damu hiyo ni yangu," alisema.

"Yako kivipi?"

"Nilijipima, mama. Nisamehe."

Mama mwenye nyumba alishusha pumzi, akamkumbatia mbwa shingoni. "Kwa hiyo yeye mzima?"

"Mzima kuliko mimi," alisema daktari, akicheka. "Umenikimbiza bure." Kisha akamgeukia mtumishi. "Ila ishirini na nane si mchezo, dada. Nenda hospitali leo hii."

"Nilikwenda, daktari. Vijiti hakuna. Dawa ndiyo usiseme."

"Basi. Leseni yangu mimi ni ya wanyama."

"Inaambukiza?" aliuliza mama mwenye nyumba.

"Haiambukizi."

"Hata hivyo. Mashine hiyo itupwe, inunuliwe nyingine. Na wewe, tutazungumza baba akirudi."

Daktari aliinua sindano, akaikagua kwenye mwanga. Ilikuwa imejaa.

"Ikishavutwa hairudishwi kichupani," alisema, kwa sauti ya mtu anayemwomba radhi mwenye mali. Akasogea kwenye sinki, akaisukuma yote mpaka tone la mwisho. Harufu kali ya dawa ikapanda.

"Fungulia maji," mama mwenye nyumba alimwambia mtumishi, "isitunukie jikoni."

Mtumishi akafungulia bomba, akachukua brashi, akasugua sinki mpaka harufu ikaisha.