Nchi Huinuka Kabla ya Kuzama

Mwalimu Ruqaya alipofika ofisi ya kamati ya mtaa, Mlandege, wanawake walikuwa wameshajaa barazani, buibui kwa buibui, hakuna anayecheka. Ndani, juu ya ubao wa kukalia, Bi Mwanakheir alikuwa amekaa peke yake. Vijana wa kamati walimchukua tangu alfajiri, na buibui lake bado lilikuwa na vumbi la njia zote alizozungusha mbuzi.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba. Umekuja kunitoa, au umekuja tukae wote?"

"Kimya!" alisema Mwenyekiti Mjaka kutoka nyuma ya meza. "Ndugu mwalimu, watu wanahama mji kwa ajili ya uji wako."

Uji ulikuwa kweli. Wiki ile Ruqaya alichukua sinia la uji mzito darasani, akaungoja mpaka ukafanya ngozi juu. Akawaambia wasichana waichukulie ngozi ile kuwa ganda la dunia. Aliusukuma upande mmoja kwa mwiko. Ngozi ikapinda, ikapiga mbizi chini ya ngozi ya upande wa pili. Pale jirani palituna kwanza, kisha pakavutwa, pakashuka chini kuliko palivyokuwa.

"Mbali huko, mashariki ya Australia," aliwaambia, "kuna nchi pana iliyolala chini ya bahari. Wako wataalamu wanaodhani kwamba ganda moja linapoanza kuingia chini ya jingine, sakafu ya bahari huinuka, pengine hata visiwa vikachomoza. Halafu huzama tena, na safari hii chini zaidi."

Aliwaambia pia kwamba Unguja haina ganda linalopiga mbizi chini yake. Lakini hilo halikufika majumbani. Lililofika ni moja tu: nchi huinuka kabla ya kuzama.

Ndipo likaja bamvu, yale maji makuu ya kujaa na kupwa sana. Maji ya Funguni yalikupwa mpaka ikatoka miamba ambayo hata wazee hawakuikumbuka, na mashua zikalala ubavu matopeni. Mize, binti wa Bi Mwanakheir, aliyekuwamo darasani siku ya uji, alisimama ufukweni akamshika mama yake mkono. "Mama, imeanza. Nchi inainuka."

Bi Mwanakheir hakungoja. Alinunua mbuzi mweusi, akafanya kama walivyofanya wakubwa wake kila mji ulipotishwa na maradhi au balaa: akamzungusha mnyama mitaani kwa dua, apate kuchinjwa ukingoni mwa mji. Kila mlango waliopita ulitoa mwanamke. Walipofika Darajani walikuwa umati, na siku zile umati usio na kibali ulikuwa kosa. Wengine walikuwa wameshapeleka magodoro na watoto kwa jamaa zao Kiembe Samaki, nje ya mji.

"Na wapo wanaosema serikali inajua, inaficha," alisema Mjaka. "Kwa hiyo utatoka hapo barazani useme: kisiwa hiki hakitazama kamwe. Ukisema, huyu anakwenda kwake. Usiposema, leo hii analala gerezani, na wewe utamfuata."

Ruqaya alimtazama Bi Mwanakheir, naye akainamisha macho.

"Nitawaambia hakizami leo, wala kwa vitukuu vya vitukuu vyetu. Nitawaambia bamvu ni kazi ya mwezi, na maji yatarudi. Lakini kamwe? Mawe ya ukuta huu ni matumbawe, Mwenyekiti. Yalizaliwa chini ya maji."

"Sikukuuliza habari za mawe. Neno moja linakushinda, wewe mwenye diploma?"

"Litangulize wewe, nami nitalirudia."

Mjaka aliinuka, akavuta mlango, akasimama mbele ya wanawake.

"Akina mama! Kisiwa hiki hakitazama kamwe!"

"Inshallah!" waliitika wote kwa pamoja, kama anavyoitikiwa yeyote anayeitaja kesho.

Mjaka alikunja uso. "Sikusema inshallah. Nimesema kamwe!"

"Inshallah, Mwenyekiti, inshallah!"

"Mjaka, mwanangu," alisema bibi mmoja aliyekaa mbele kabisa, "mtaje na Mungu, usituongezee balaa la pili."

Mtu alicheka, akajiziba mdomo kwa ukaya wake. Jasho lilimtoka Mjaka kwenye paji la uso. Kuwakataza asingeweza, nani angesimama Mlandege, mchana, akawazuia watu kumtaja Mungu? Alijaribu tena, sauti imeshuka. "Kisiwa hiki hakitazama, insh..." Akalimeza lililobaki. Akageuka.

"Sema lako," alimwambia Ruqaya, bila kumtazama.

Ruqaya alisema. Alieleza mwezi na bamvu, alieleza kwamba chini ya Unguja hapana kinachopiga mbizi, na kwamba nchi ile ya mbali ilichukua miaka isiyohesabika kuinuka na kushuka. "Haya ndiyo ninayoyajua," alimaliza. "Yaliyobaki anayajua Mungu." Mmoja mmoja, wanawake walianza kuondoka.

"Nenda zako," Mjaka alimwambia Bi Mwanakheir. Kisha akamsogelea mwalimu, sauti ya chini. "Kesho usiende skuli. Utaitwa."

"Nitaitwa na nani?"

"Utaitwa."

Njiani Bi Mwanakheir alimshika Ruqaya mkono.

"Mwalimu, hiyo nchi ya mbali. Ilipoanza kuinuka, kulikuwa na watu?"

"Hapakuwa na mtu, Bi. Watu walikuwa hawajaumbwa."

"Kwa hiyo hakuna aliyeogopa."

"Hakuna."

"Afadhali yao." Alimkaza mkono. "Usigeuke, mwanangu. Tembea tu."

Ruqaya hakugeuka. Alizisikia nyayo za vijana wawili wa kamati nyuma yao, zikienda taratibu, zisitake kuwapita.