Kesi ya Paka wa Kinyozi

Mzee alipohamia kwa binti yake alikuja na begi la nguo, mkoba wa ngozi wenye mikasi yake ya kazi, na paka. Maisha yake yote alikuwa kinyozi. Alinyoa watoto waliolia kwenye kiti, alinyoa mabwana harusi waliotetemeka kuliko hao watoto, na wateja wakazoea kumwita Wembe. Miguu ilipoanza kumgomea na mkono wa kulia ukaanza kucheza, aliifunga saluni mwenyewe kabla hajamkata mtu sikio. Mkewe alikuwa ameshafariki. Binti yake wa pekee akamwambia, "Baba, njoo ukae kwetu."

Mzee akauliza swali moja tu: "Na Ndevu?"

Ndevu ndiye huyo paka, dume la kijivu lenye baka jeupe kidevuni, kama mtu aliyepakwa povu la sabuni halafu kinyozi akaitwa nje. Alikulia palepale saluni, chini ya viti, na mteja ambaye Ndevu hakumpandia mapajani alijiona amekosewa heshima.

Binti alikuwa dobi. Kazi yake aliifanyia nyumbani, chumba cha nyuma: mashine za kufulia, meza ya pasi, kamba zilizokatiza kutoka ukuta hadi ukuta. Alifua shuka za nyumba za wageni, sare za wahudumu, suti za watu wenye shughuli zao. Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno mengi na vicheko vya kusikika hadi kwa jirani. Mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi. Siku mkwewe alipofika alimbebea begi, akamtazama paka na kusema, "Kumbe nina shemeji mwenye mkia! Karibuni wote."

Raha hiyo haikudumu. Ndevu alianza kukojoa ovyo.

Alianza na kapu la shuka zilizokwisha kupigwa pasi. Dobi akazifua upya, akasema labda ni ugeni tu. Halafu ikawa mkeka wa bafuni. Halafu viatu vya Fundi Baridi, tena vile vya kutokea. "Shemeji ameniandikia barua," alisema Fundi Baridi huku amekishika kiatu kwa ncha za vidole, na siku hiyo bado alikuwa anacheka. Lakini harufu ya mkojo wa paka si jambo la mzaha kwa mtu anayefua nguo za watu. Mteja mmoja alinusa kola ya shati lake mlangoni, akanusa tena, akaondoka bila kuaga.

Dobi akambeba Ndevu hadi kwa daktari wa wanyama. Daktari, dada mmoja mpole, alimbonyeza paka tumbo, akampima mkojo, akasema kibofu ni kizima. Kisha akauliza, "Beseni lake la mchanga mmeliweka wapi?"

"Chumba cha kufulia. Pembeni ya mashine."

"Ungekuwa wewe, ungejisaidia pembeni ya kitu kinachonguruma na kuruka hivyo?"

Dobi akacheka, maana kweli hakuwahi kuliona jambo hilo upande wa paka. Daktari akampa maelekezo: beseni lihamie mahali pa kimya, mchanga usiwe na manukato, uchafu utolewe kila siku. Na pale alipokojoa pasafishwe kwa siki na maji. Dawa kali za kung'arishia hazifai, kwa sababu harufu yake humrudisha paka palepale. Dobi alifuata yote. Beseni likahamia kwenye kona ya korido, karibu na chumba cha Mzee. Ndevu akaacha kabisa. "Basi mgonjwa alikuwa choo," Fundi Baridi akatangaza, na nyumba ikatulia.

Ndipo likaja kochi.

Fundi Baridi alikuwa amefanya kazi muda mrefu kwenye vyumba vya baridi vya kiwanda cha nyama, na kazi ilipoisha alijinunulia kitu alichokitamani tangu aoe: kochi refu la rangi ya maziwa, laini kiasi kwamba ukikaa hutaki kuinuka. Mzee alichagua upande wa dirishani. Kila siku alikaa hapo na Ndevu mapajani, wakitazama watu wakipita barabarani, Mzee akitoa hukumu juu ya vichwa vyao. "Huyo aliyemnyoa alikuwa na haraka." "Yule anajinyoa mwenyewe, masikini."

Mchana mmoja Fundi Baridi alirudi kula, akakaa upande wa dirishani, akaruka kama aliyekalia moto. Mto ulikuwa umelowa.

"Ameanza tena!"

Dobi akatoa siki, akafuta, akafua foronya. Baada ya siku chache, palepale, tena. Daktari wa wanyama alipigiwa simu, akasema labda kochi jipya limemchanganya, waongeze beseni la pili. Wakaongeza. Ndevu akayatumia yote mawili kwa adabu, na kochi likaendelea kulowa.

Dobi alijua ukweli alipokuwa amesimama kwenye sinki na ile foronya mkononi. Mkojo wa paka dume unachoma pua na kung'ang'ania kitambaa hata baada ya kufuliwa mara mbili. Huu ulitoka kwa maji na sabuni, na haukuchoma pua. Shuka za nyumba za wageni zilikuwa zimemfundisha harufu za binadamu zote. Alibaki ameishika ile foronya huku bomba likitiririka, akisali awe amekosea. Asubuhi iliyofuata aliikuta suruali ya baba yake imetundikwa nyuma ya mlango wa bafu, imekamuliwa vibaya, bado inachuruzika. Mzee yule tangu azaliwe hakuwahi kufua hata soksi.

Angesema nini? Huyu ndiye aliyempeleka shule siku ya kwanza, koti lake limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Binti humwambiaje baba yake neno kama hilo? Alifikiri kumwambia mumewe, akamwona kichwani akitoa mzaha, na akajua Mzee hataweza kuishi na mzaha huo. Akaiondoa suruali, akaifua vizuri, akaikunja na kuirudisha kabatini kwake. Mzee aliikuta. Hakuna aliyesema kitu.

Kwa hiyo kesi ikabaki kwa paka.

"Mimi nimechoka," Fundi Baridi alisema siku kochi lilipolowa hadi ndani kwenye sponji. Safari hii hakuwa anacheka. "Nimevumilia viatu, nimevumilia mkeka. Kwenye nyumba hii atabaki paka au litabaki kochi. Rafiki yangu seremala analalamika panya wanamtafunia karakana. Huko atapata kazi."

Wote watatu walikuwa sebuleni. Dobi alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa anamtazama Ndevu, akimkuna chini ya kidevu, kwenye lile baka jeupe.

"Baba, unasemaje?" Fundi Baridi akauliza kwa upole, maana alimheshimu.

"Nyumba ni yako, mwanangu," Mzee akasema.

Ndevu akatiwa kwenye boksi lililotobolewa matundu. Alilia korido nzima. Dobi alikuwa anapiga pasi, akaendelea kupiga pasi mahali palepale hadi shati likaungua.

Kochi halikulowa tena. Fundi Baridi akasema, "Mmeona?"

Mzee akaanza kunyauka. Midomo ilipasuka, macho yakaingia ndani, na akawa anasahau maneno katikati ya sentensi. Chakula alikula kidogo. Chai aliletewa, na kikombe kilirudi kitupu. Siku moja dobi alipokuwa anafuta dirisha aliona sisimizi wamejaa kwenye chungu cha ua lililokuwa pembeni ya kochi. Akachimbua udongo kwa kidole. Ulikuwa unanata sukari, na majani ya chai yamejaa juu. Kabla hajajua la kufanya, alisikia kishindo bafuni.

Hospitali walimtundikia maji mkononi. Daktari alisema mwili umekauka na njia ya mkojo imeingiwa na maambukizi. "Mzee, kwa nini hunywi maji?" aliuliza. Mzee akatazama ukuta. Daktari alipoondoka, dobi akasogeza kiti.

"Baba, kwa nini hunywi?"

"Sisikii kiu."

"Baba."

Mzee alifumba macho. Aliongea akiwa ameyafumba. "Nikinywa, hainipi nafasi ya kufika chooni."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kochi. Nafua nguo za watu, Baba. Mkojo wa paka naujua."

Aliyafumbua macho. "Tangu lini?"

Dobi angeweza kumdanganya, na uongo ulikuwa tayari mdomoni. "Kabla Ndevu hajaondoka," akasema.

Mzee alitazama matone yakishuka kwenye mrija.

"Siku ile nilikuwa nangoja useme," alisema.

"Na mimi nilikuwa nakungoja wewe."

"Nilidhani ni mimi peke yangu niliyemtupa." Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, kwa kuwa alikuwa amelala chali, naye dobi akayafuta kwa pindo la shuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumfuta baba yake uso.

Daktari alirudi na majibu. Tezi dume ilikuwa imevimba, jambo linalowapata wanaume wengi wa umri wake, na dawa zipo. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Dobi alitoka nje, akaegemea ukuta wa wodi, akalia. Kidonge tu. Kumbe kilichohitajika ni mtu mmoja kufungua mdomo.

Mzee aliporuhusiwa hakutaka kwenda nyumbani kwanza. Alitaka kwenda kwa seremala. Walienda taratibu, yeye na fimbo yake, dobi akimshika kiwiko, wakavuka barabara kubwa iliyopita mbele ya karakana. Seremala alikuwa anapiga randa. Alipowaona aliiweka chini, akajifuta mikono kwenye aproni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Tumemfuata Ndevu," Mzee akasema.

"Mzee wangu, kaa kwanza."

"Nisikae. Sema."

Seremala alisema. Paka alikataa kuingia ndani. Hakugusa chakula wala panya. Alikaa getini akitazama upande alikotoka, na ukimrudisha ndani, ukigeuka yuko getini. Asubuhi moja akaamua kuvuka. Lori la mbao lilikuwa linarudi nyuma, na dereva hakuona kitu.

"Fundi Baridi ananiuliza kila mara, namwambia yuko salama, amenenepa," seremala alisema, ameinamisha kichwa. "Niliona haya, Mzee. Mtu amenipa dhamana, hata wiki haijaisha."

"Aliumia sana?"

"Hapana. Palepale tu."

Kama ni kweli au alikuwa anamhurumia, hakuna aliyejua. Aliwapeleka nyuma, penye rundo la mbao za mninga, akawaonyesha mahali alipomfukia. Vumbi la mbao lilikuwa limepafunika. Mzee alitaka kuinama, magoti yakakataa. Dobi akainama badala yake, akalipangusa lile vumbi kwa kiganja hadi udongo ukaonekana.

Jioni hiyo, Fundi Baridi, aliyekuwa ameshaambiwa habari za lori, alipokuwa anamkatia mkwewe tunda, Mzee alisema bila kuzunguka. "Aliyekuwa anakojoa kwenye kochi lako ni mimi."

Kisu kikasimama. Fundi Baridi alimtazama mkewe, akaona kwamba ni kweli.

"Baba," akasema mwishowe, "kochi ni kitambaa na sponji tu."

"Ulisema paka au kochi."

"Nilikuwa namsema paka. Wewe nisingekwambia hivyo, hata ungelichoma moto."

"Nilijua," Mzee akasema. "Nilijua kwamba mimi hutanifukuza, na yeye utamfukuza. Ndiyo maana nikanyamaza."

Fundi Baridi alisukuma sahani, akatoka uani. Walimsikia akifungua bomba na kulifunga, akifungua na kulifunga. Dobi hakumfuata. Alikaa na baba yake hadi giza likaingia, na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

Dawa zilifanya kazi. Mzee akarudi kunywa chai yake, mwili ukajaa kidogo, akawa anaenda chooni mapema, akisindikizwa na dobi bila aibu ya yeyote. Alikaa chumbani kwake. Kwenye kochi hakurudi, hata Fundi Baridi alipomwomba, na Fundi Baridi aliomba zaidi ya mara moja. Jirani mmoja aliyesikia habari za paka alileta kitoto cha paka cheusi kwenye kikapu, kimefunguka macho juzi juzi.

Mzee alikitazama. Alinyoosha kidole, kitoto kikakinusa.

"Mwambie nashukuru sana, mama," alimwambia binti yake. "Akipeleke kwa watu wengine."