Omulamula wa Sebuleni

Baba alipofariki, baba mdogo Joackim aliing'oa miti yote ya omulamula ya mpakani kule kijijini Izigo. Kwetu Uhayani mmea huo ndio mpaka wenyewe. Ukishang'olewa, shamba la mjane humezwa mchana kweupe, na ukoo wetu mzima ulitazama pembeni. Nina hasira nao hadi leo.

Mama yangu, Ephrasia, alikuja kwangu mjini, Nshambya, na begi moja na shina moja aliloliokota kati ya yaliyong'olewa. Akalipanda kwenye ndoo tupu ya rangi, akaiweka sebuleni. Siku akirudi Izigo, alisema, angeanza kupanda mpaka kwa shina hilo.

Mmea ulichipua vizuri, halafu ncha za majani zikaanza kukauka, kahawia, kama zimepitishwa motoni. Mama akasema una njaa. Akaulisha kama alivyokuwa akikilisha kibanja, shamba lake la migomba: samadi, majivu ya jikoni, nyasi za kufunikia, na maji juu yake. Ncha zikazidi kuungua, naye akazidi kuongeza. Sebule ikanuka zizi, nami nikafungua madirisha tu. Sikuwa na roho ya kumnyang'anya kitu kingine.

Mwishowe nilimwita Jalpa, mwenye duka ninakonunua vitambaa, ambaye baraza lake limejaa maua ya vyungu. Alikwangua ukoko mweupe juu ya udongo, akainamisha ndoo kutafuta tundu chini. Halikuwepo. Alipoung'oa mmea, mizizi ilikuwa imelainika, nyeusi, inanuka.

"Hauna njaa, mama," alisema taratibu. "Umelishwa mno. Shambani mvua huosha chumvi ya mbolea ikaenda zake chini. Humu inabaki, inaunguza mizizi. Kata kichwa kilicho kizima, ukipande kwenye mchanga, katika chungu chenye tundu. Maji kidogo tu. Kwa sasa usiulishe kitu."

"Nisiulishe," mama alisema. "Sasa mimi hapa nafanya kazi gani?"

Kile kichwa nilikikata mimi, nikakipanda mimi.

Kimeshika. Majani ni ya kijani hadi nchani, na wageni wanayasifu. Mama hausogelei mmea huo. Kule Izigo Joackim amesimika nguzo za saruji hadi nyuma ya kaburi la baba. Omulamula wetu uko hapa, mzima kabisa, unalinda mpaka wa kochi na televisheni.