Jiko la Dirishani

Kitendawili! Sema tega, mwenzangu, usione haya. Mfungwa hana pingu, mlango wake hauna kufuli, na askari wake kila asubuhi humwamkia shikamoo. Hulijui jibu? Basi nipe mji. Umenipa Kimara? Haya, nimekwenda Kimara, nimekaribishwa vizuri, nimerudi. Jibu bado nimelikalia. Tumwangalie kwanza Bi Hamisa.

Bi Hamisa alikuwa kakaa kitandani, viganja juu ya magoti, anavuta pumzi kama mtu anayenyonya maji kwa mrija ulioziba. Chumba chake, huko Mbagala, kilikuwa na dirisha moja tu la kutazama uani. Ujana wake wote alikaanga samaki kwa kuni. Samaki waliuzwa wakaisha, moshi ukabaki, ukapanga kwenye mapafu yake, na haukuwa mpangaji wa kuhama. Hospitali walimpa pampu ya kuvuta dawa. Ilipokwisha akaambiwa hazipo, awe anapitapita kuulizia. Apitepite! Mtu ambaye hata safari ya chooni anapumzika njiani! Na daktari alimwambia, "Mama, usikae penye moshi," kisha akaita mgonjwa mwingine.

Sasa uani pale kila mpangaji ana jiko lake la mkaa, na la karibu kuliko yote lilikuwa la Yustina, mama Valerian, mwanamke wa Masasi, mcheshi, mwenye moyo mweupe. Alipoona Bi Hamisa hatoki tena, akalihamishia jiko chini ya dirisha lake.

"Nisikuache mpweke," alisema. "Nikipika hapa tunapiga soga."

Na soga wakapiga. Wapangaji wengine walikwisha kumtengea Bi Hamisa kikombe chake, wakidhani ni kifua kikuu. Yustina alikunywa naye kikombe kimoja. Wakategeana vitendawili, na Yustina, masikini, havijui, kila siku anatoa mji. Bi Hamisa alikwisha kupewa Lindi, Tanga, Madale na vilima vyake, hata Unguja. Tajiri wa miji, na getini hafiki.

Asubuhi hiyo mkaa ulikuwa umenyeshewa. Yustina alipepea, moshi mzito ukapanda dirishani.

"Shikamoo, Bi Hamisa! Umeamkaje?"

"Marahaba... mwanangu. Mzima."

"Mzima gani anapiga filimbi kifuani?"

"Uzee."

"Uzee! Mama yangu mie anakuzidi umri, na bado anapanda mkorosho kumfukuza tumbili."

Bi Hamisa akataka kucheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha. Yustina akaingia mbio na chetezo mkononi, ubani unafuka.

"Nimeuomba kwa jirani, mama Farhan. Mie Mkristo, lakini ubani hauna dini. Hiki ni kijicho cha watu, tukifukize kitoke." Akaurudisha mlango ili moshi usipotee bure.

Bi Hamisa alishika ukingo wa kitanda. Chumba kilikuwa kinamkaribia pande zote. Nikisema, aliwaza, atachukua jiko lake aende, na mie nani atanijia tena? Nisiposema, nitakwenda mie.

Akakisukuma chetezo kwa mguu.

Yustina akakitupa nje, akaufungua mlango wazi, akapiga magoti mbele yake. Midomo ya yule mama ilikuwa imeingia weusi.

"Bi Hamisa, kila siku nakuuliza, kinakubana nini? Kila siku unaniambia uzee. Uzee haubani hivi! Sema, nini?"

Filimbi tu ya kifuani.

"Haya, umenishinda," Yustina akasema, macho yamejaa machozi. "Nakupa mji. Nakupa Masasi, kwetu, na mikorosho yake na mama yangu juu ya mti. Nilikuwa sijampa mtu. Umekwenda?"

Bi Hamisa akatikisa kichwa kukubali. Alikwenda.

"Umerudi?"

Amerudi. Na aliyepewa mji akaupokea hana pa kukimbilia, lazima atoe jibu; sheria hiyo hata mtoto anaijua.

Bi Hamisa akaingojea pumzi. Ikaja nusu.

"Jiko lako, Yustina," akasema. "Lisogeze. Wewe ubaki."