Povu Shingoni mwa Kichupa

Povu lenyewe lilikuwa jembamba, kama pumzi iliyogandia kioo, limeshika shingo ya kichupa. Mama Chiriku aliliona alipokuwa akirudi na mwanawe kutoka msalani, akasimama pale pale kwenye ukumbi wa kungojea wa hospitali.

"Nimeshakitikisa vizuri," mama mkwe wake alimwambia, kichupa mkononi, uso umechangamka. "Dawa isiyotikiswa hukaa chini. Nyinyi hamkumbuki."

Alikuwa amelea watoto saba kwa dawa za chupa. Zote alizitikisa, na wote walipona.

Dawa hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa kimeng'enya ambacho mwili wa Chiriku haukuweza kujitengenezea. Mwalimu wa masomo ya jioni aliwahi kumchorea Mama Chiriku ubaoni: uzi mrefu wa protini, uliojikunja kwa namna moja tu, mkunjo ukiharibika, kazi imekwisha. Wataalamu waliupachika vimikia vya kemikali, kwa uangalifu, visije vikauvuruga mkunjo, na dawa iliyokuwa ikidumu mwilini siku mbili sasa ikadumu wiki mbili. Vimikia hivyo viliulinda uzi usiharibiwe na mwili. Kwa mkono wa bibi unaotikisa havikufua dafu.

Siku aliporudi na habari hizo, mama mkwe alicheka. "Haya, mwanafunzi katuletea uzi. Sindano ataleta lini?"

Muuguzi alikipokea kichupa, akakiinua kwenye mwanga. "Nani amekitikisa?"

Jibu lilikuwa limemjaa Mama Chiriku mdomoni, tamu, la miaka mitatu. Akageuka. Mama mkwe alikuwa amenyoosha kidole gumba, anaifuta shingo ya kichupa mkononi mwa muuguzi, anafuta povu lililokuwa ndani.

"Ni mimi, Sista," alisema Mama Chiriku.

"Wewe? Si wewe uliyenisomesha habari za mikunjo mwezi uliopita?"

"Nilipitiwa."

Muuguzi akaandika. "Hiki hakiingii kwenye mshipa wa mtoto. Kingine kitafika Alhamisi."

Siku tatu. Magoti ya Chiriku yangevimba kabla ya hapo.

"Kwa hiyo leo sindano hakuna?" Chiriku aliuliza, akapiga makofi peke yake.

Walipofika mlangoni kwao, mama mkwe aliuliza. "Huo uzi. Ukishafumuka, haurudi?"

"Haurudi, mama."

"Hata ukiachwa utulie?"

"Hata ukiachwa."

Siku zile tatu mama mkwe alimbeba Chiriku mgongoni, ngazi za kupanda na za kushuka, na hakukubali kupokelewa.

Alhamisi, mfamasia alisukuma kichupa kipya dirishani. Mama mkwe akarudi nyuma hatua moja, mikono ameificha ndani ya mtandio.

"Kichukue wewe."

"Nimembeba mtoto, mama," alisema Mama Chiriku. Angeweza kumtua. "Kishike wewe."

Mikono ilitoka taratibu, yote miwili. Ukumbi ulikuwa mrefu. Mtu mwenye mafaili alitaka kupita. Mama mkwe akasimama kabisa, akamwacha ajibanze ukutani. Namba yao iliitwa, ikaitwa tena. Mama Chiriku alipunguza mwendo, akabaki hatua moja nyuma.

"Bibi," Chiriku aliuliza kutoka begani, "mbona unatembea kama umelala?"

"Nyamaza," alinong'ona bibi, macho hayabanduki kwenye kichupa. "Uzi umejikunja humu."